Pakiti Inamwonya Muuza Duka: Sigara za Moja Moja na Vijana wa Mwalo wa Guta



Nimeombwa katika semina hii ya mwalo wa Guta, kando ya Ziwa Victoria, niseme kama pakiti ya sigara, kwa rangi yake, picha zake na maneno yake, inaweza kumsaidia kijana anayevuta aache. Jibu langu ni kwamba inaweza. Nchi kadhaa zimejaribu na nitazitaja. Lakini pakiti humsaidia anayeishika mkononi, na kijana wa Guta haishiki. Mada yangu yote inazunguka hapo.

Majuzi nilikaa kwenye benchi la kibanda kimoja hapa mwaloni, tangu saa kumi jioni hadi mitumbwi ya dagaa ilipoanza kuingia majini. Giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa, lilikuwa limeanza na kambi zilikuwa zimejaa. Kijana anafika, anaweka sarafu ya mia mbili juu ya ubao, hasemi neno. Muuzaji naye haulizi. Mkono unaingia chini ya meza, unatoka na sigara moja. Kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye nguzo ya kibanda ili kisiondoke na wateja. Kijana anainama, anawasha, anaelekea mtumbwini. Hata nusu dakika haijapita. Muda wote niliokaa pale sikumwona mtu akinunua pakiti nzima, isipokuwa tajiri mmoja wa mitumbwi aliyekuja na pikipiki yake.

Nikamwomba muuzaji anionyeshe pakiti yenyewe. Akaitoa. Ilikuwa imechanwa juu, kifuniko hakipo. Nyuma yake palikuwa na hesabu za kalamu: majina mawili, ndoo za dagaa, namba ya simu. Akacheka aliponiona nasoma. "Hilo, mwalimu, ndilo daftari langu la madeni," akasema.

Nimelikumbuka sana jibu lile. Kazi yote ya onyo la pakiti, tangu mkataba wa kimataifa hadi mashine ya kuchapa, imeishia kumpa muuza duka mahali pa kuandikia madeni. Na yeye havuti! Kwa hiyo hapa kwetu pakiti inamwonya mtu asiyehitaji kuonywa, na anayehitaji anaondoka na kijiti cheupe kisicho na neno hata moja.

Sasa tutoke kidogo nje ya Guta, tuone wenzetu wamefika wapi. Iceland ilianza kuweka picha za onyo mwaka 1985. Kanada ikaja na picha kubwa mwaka 2001. Australia, Desemba 2012, ikafuta kabisa urembo wa pakiti: nembo hakuna, dhahabu hakuna, rangi zote zikageuzwa moja, ile ya kijani kilichochanganyika na matope, na jina la sigara likaandikwa kwa herufi ndogo za aina moja kwa kampuni zote. Rangi ile ilichaguliwa baada ya kuwauliza wavutaji ni ipi inayowachukiza zaidi. Sababu yake ni rahisi. Ukishafunga matangazo ya redio, ya magazeti na ya mabango, tangazo linalobaki ni pakiti yenyewe. Inakaa mfukoni, inawekwa mezani, inatolewa mbele ya marafiki mara nyingi kwa siku. Kampuni za tumbaku zililijua hilo kabla yetu, na ndiyo maana zikapigana. Hata nchi nne zilikwenda kuishitaki Australia katika Shirika la Biashara Duniani, na zikashindwa mwaka 2018, na rufaa iliyofuata ikatupwa mwaka 2020.

Karibu na sisi, Mauritius iliweka picha mwaka 2009, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika, na mwaka 2023 ikawa ya kwanza barani kuwa na pakiti zisizo na nembo. Ethiopia, kwa sheria yake ya 2019, inataka onyo lichukue asilimia 70 ya uso wa pakiti. Uganda, jirani yetu wa ziwa hilihili, ilipitisha sheria yake mwaka 2015: onyo la picha lichukue asilimia 65, umri wa kuuziwa uwe miaka 21, na sigara zisiuzwe nje ya pakiti ya 20. Kenya ilikuwa na sheria tangu 2007, na picha zikaanza kuonekana kwenye pakiti mwaka 2016. Kampuni ya British American Tobacco ilikuwa imekwenda mahakamani kupinga kanuni za sheria hiyo, ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019.

Sisi Tanzania tuna Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku tuliuridhia mwaka 2007. Ila pakiti zetu zimebaki na maneno matupu, bila picha. Na hapa niruhusuni niseme kama mtu anayefundisha Kiswahili kabla ya kusema kama mtu wa afya. Maneno tuliyoyazoea ni kwamba kuvuta sigara ni hatari kwa afya. Neno "hatari" mdomoni mwa kijana wa leo limekuwa sifa. Mchezaji akifunga goli zuri, ni hatari. Wimbo ukipendeza, hatari sana. Binti akipita amependeza, utasikia hiyohiyo hatari. Tumemwandikia kijana onyo kwa neno analolitumia kusifia. Aliyeliandika hana kosa, lugha imetembea, onyo limebaki pale lilipoachwa. Na "afya" nalo ni neno pana mno. Kwa kijana wa miaka 19 anayevuta wavu usiku kucha, afya ni kitu cha wazee wa kliniki ya presha.

Je, umwambie nini basi? Mwambie kitu chenye mwili. Mwambie pumzi, kwa sababu pumzi ndiyo mtaji wake, na anajua mwenyewe ni nani kambini anayekohoa akivuta kamba. Mwambie nguvu za kiume. Najua hapa mbele ya akina mama na walimu wangu hili linasemwa kwa sauti ya chini, lakini ni kweli ya kitabibu: sigara huharibu mishipa midogo ya damu, na upungufu wa nguvu za kiume ni moja ya matokeo yake. Niliwahi kulitaja mbele ya kundi la wavuvi hapa kwetu. Waliokuwa wanacheza bao wakaacha kete hewani. Saratani niliyoitaja kabla yake haikuwainua hata macho.

Mwambie na fedha. Tukichukua bei ya mia mbili kwa sigara moja, na kijana anayevuta tano kwa siku, hiyo ni elfu moja kwa siku na 365,000 kwa mwaka. Kwa sigara ya moja moja hesabu hii haionekani kabisa. Anayenunua pakiti anahisi elfu kadhaa zikitoka kwa mkupuo. Anayetoa sarafu moja hahisi kitu, na ndivyo uuzaji wa moja moja unavyomfanya mtoto wa shule amudu sigara ya kwanza. Mkataba wenyewe, katika ibara ya 16, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia sigara za moja moja na pakiti ndogo kwa sababu hiyohiyo ya watoto.

Mtaniuliza: tukataze tu basi? Nasita. Kenya imekataza tangu 2007 kuuza nje ya pakiti ya angalau sigara kumi, na bado vibanda vya Nairobi vinauza moja moja mchana kweupe. Sheria ambayo kila kibanda kinaivunja haiwi sheria muda mrefu. Zaidi ya hapo wako watu wazima watakaokuambia kwa dhati kwamba wananunua moja moja ili wajizuie, kwamba wakiwa na pakiti mfukoni wataimaliza. Siwezi kuwaita waongo.

Ndiyo maana mimi naegemea wazo jingine, la onyo kuhama kutoka pakitini kwenda kwenye sigara yenyewe. Hii si ndoto ya mtoa mada. Kanada iliweka kanuni zake Agosti 2023, ya kwanza duniani, na sasa kila sigara inayouzwa kule ina maneno yaliyochapwa kwenye karatasi ya kichungi. Moja ya maonyo yao linasema kuna sumu katika kila mvuto. Australia ikafuata mwaka 2025. Huko New Zealand watafiti wamewajaribia wavutaji sigara zilizopakwa rangi mbaya ya kijani, na nyingine zenye mstari unaohesabu dakika za maisha zinazopotea kadiri moto unavyoshuka. Kwa hesabu ya watafiti wa University College London ya mwaka 2024, sigara moja humwondolea mvutaji wastani wa dakika 20. Hebu fikirini maneno hayo kwenye kichungi: "Dakika 20 zimekwenda." Kijana wa mwaloni hatahitaji pakiti. Ataisoma sigara ikiwa midomoni mwa mwenzake.

Weupe wa sigara nao tusiuchukulie kama bahati mbaya. Karatasi nyeupe inaonekana safi. Mentholi, ile yenye ubaridi kama peremende, inazima ukali wa moshi kooni, na anayeanza kuvuta anaanzia hapo kwa sababu haimkohozi. Mtu akikuambia kwamba sigara ya mentholi ni nyepesi kwa mapafu, mwambie ubaridi uko kooni, moshi ni uleule.

Na ugoro? Akina mama wameniuliza kabla sijasimama. Ugoro wetu unafungwa kwenye karatasi ya daftari la shule, haupiti kiwandani, wala onyo la aina yoyote halitaufikia. Mada yangu haina jibu kwa ugoro. Huo unahitaji mazungumzo ya nyumbani.

Nirudi kwa kijana. Kumtisha peke yake ni nusu ya kazi. Anayevuta mara nyingi ameshataka kuacha. Ameacha Jumatatu, akarudi Alhamisi. Kanada wanaweka ndani ya pakiti kijikaratasi kinachoeleza namna ya kuacha na faida zinazokuja, na nadhani sehemu hii ya muundo wa pakiti inadharauliwa kwa sababu haina picha ya kutisha. Ndani ya saa 12 tangu sigara ya mwisho, gesi ya kaboni monoksaidi kwenye damu hushuka hadi kawaida. Katika wiki kadhaa mapafu huanza kufanya kazi vizuri zaidi. Hizo ni habari za kumpa mtu moyo, na zinaenea kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja. Wizara ya Afya ina namba 199, ya bure. Ingechapwa kwenye kila pakiti na kila kichungi, na wanaopokea simu wakafundishwa kuongea na mvutaji, tungekuwa tumefika mbali bila kujenga jengo lolote.

Ila kuna jambo moja ambalo wavuvi mnalijua kuliko daktari. Sigara ya ziwani si ya starehe. Ni blanketi. Usiku wa manane upepo unatoka Ghuba ya Speke, taa zimewashwa, mnasubiri dagaa wakusanyike, usingizi unakubeba, na mwenzako anakupa pafu. Kumwambia mtu aache katikati ya giza ni kumwomba avue koti kwenye baridi. Lakini mbalamwezi ikifika dagaa hawavuliwi, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na kulala usiku. Siku mbaya za kuacha nikotini ni zile za kwanza, wiki moja hivi, kisha makali hupungua. Kwa hiyo nasema siku ya kuacha kwa mvuvi wa dagaa ni siku ya kwanza ya mbalamwezi. Atakaporudi ziwani giza likianza, kazi ngumu zaidi itakuwa nyuma yake. Awe na karanga mfukoni, chai ya tangawizi kwenye chupa, na mwenzake mmoja mtumbwini aliyeacha naye siku hiyohiyo.

Kubadili pakiti ni kazi ya Dodoma, na semina ya Guta haiwezi kuchapa kichungi. Mwaloni lakini kuna mambo yanayowezekana. BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ina utaratibu wake, halmashauri ina sheria ndogo zake, na vibanda vyenyewe vinahesabika. Kitundikwe kibao kimoja cha onyo kwenye kila kibanda, mahali palepale kamba ya kiberiti ilipofungwa, kwa maneno ambayo vijana wenyewe watayaandika, si mimi. Kijana akiinama kuwasha, macho yake yakutane na kibao hicho. Wenye vibanda wakumbushwe umri wa miaka 18 kwa kuitwa na kuongea nao, kabla ya kutozwa faini. Maneno ya kibao nayapendekeza mafupi, na neno hatari lisiwemo.

Mwenyekiti, naomba jambo moja lisiondoke kwenye kikao hiki bila kupewa mtu wa kulisimamia: kibao cha kwanza. Ubao unapatikana, rangi inapatikana, na mwenye kibanda nilichokalia benchi lake amekwisha kukubali kukitundika kwake.