Mazungumzo Kuhusu Kipimo cha Sukari cha Mfululizo na Uwezo wa Wananchi wa Simiyu Kukipata

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Bariadi mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya watumishi na wakaazi wa Visiwani, kwa kuwa maradhi yanayozungumzwa hayana Bara wala Visiwani.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya kifaa ambacho wengi wenu hamjakiona, na ambacho baadhi yenu mmekiona mkononi mwa mgeni mkadhani ni kishikizo kilichobandikwa kwenye ngozi. Ukubwa wake ni kama sarafu. Chini yake pana uzi mwembamba unaoingia kidogo tu ndani ya ngozi ya mkono, na uzi huo hupima sukari katika majimaji yaliyo baina ya chembe za mwili, usiku na mchana, kila baada ya dakika chache. Matokeo husomwa kwa simu janja au kwa kifaa chake maalumu. Mgonjwa haoni tarakimu peke yake. Huona pia mshale unaomwambia kama sukari inapanda, inashuka au imetulia.

Mtu anayejipima kwa kutoboa kidole hupata jibu la wakati ule tu. Akijitoboa asubuhi akakuta 7, hajui kama saa nane usiku ilikuwa 3, akawa karibu kupoteza fahamu hali mama yake yuko chumba cha pili amelala. Kipimo cha mfululizo humwonyesha usiku wote ulivyokwenda, na vingi vya siku hizi hulia kengele sukari inaposhuka mno.

Kifaa hiki si kipya sana. Marekani iliidhinisha cha kwanza mwaka 1999, nacho kilikuwa cha kutumiwa na daktari. Mwaka 2014 kilianza kuuzwa Ulaya kihisi cha bei nafuu zaidi, kinachodumu siku 14 na kisichohitaji kusahihishwa kwa kutoboa kidole kila siku. Machi 2022 Uingereza ilipitisha mwongozo kwamba kila mtu mzima mwenye kisukari aina ya kwanza apewe nafasi ya kukitumia kwa gharama ya huduma ya afya ya taifa lao. Huko, basi, mjadala wa nani anastahili umekaribia kwisha. Hapa kwetu haujaanza, na ndiyo maana nimekubali kuja.

Ndugu wananchi, kuna watakaosema kwamba hii ni anasa, na kwamba mkoa wenye zahanati zinazoishiwa na vipande vya kawaida vya kupimia hauna haki ya kuzungumzia kihisi. Naiheshimu hoja hiyo kwa nusu. Nusu nyingine siikubali, na nitaeleza kwa nini.

Katika miaka ya 1980, utafiti ulioongozwa na Profesa Donald McLarty pamoja na madaktari wenzake wa Muhimbili uliwakuta wenye kisukari katika vijiji vya Tanzania kuwa chini ya mtu mmoja katika mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Tuseme njia za upimaji zilitofautiana, bado hakuna awezaye kusema kwamba maradhi haya ni ya matajiri wa mjini. Mkoa wetu, ulioanzishwa 2012, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni mbili katika sensa ya 2022. Wengi wao ni wakulima wa pamba na wafugaji. Wanakula ugali, michembe na matobolwa, na hufanya kazi nzito ya jembe katika majira fulani, kisha kazi hupungua katika majira mengine. Mwili wa namna hiyo hauendi kwa kipimo kimoja cha insulini mwaka mzima. Kijana aliyepangiwa dozi zake wakati wa mavuno anaweza kuanguka shambani wakati wa palizi kwa dozi zile zile.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mgonjwa wa kisukari anapofika hospitali kubwa hupimwa damu ili kujua wastani wa sukari yake kwa miezi mitatu iliyopita. Kipimo hicho hutegemea chembe nyekundu za damu. Sasa, Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye selimundu nyingi zaidi nchini: uchunguzi wa watoto wachanga uliofanywa kwa njia ya Hospitali ya Rufaa ya Bugando ulionyesha kwamba takribani mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba chake. Kwa mwenye selimundu, na hata kwa aliyebeba kinasaba tu, kipimo kile cha miezi mitatu huweza kuonyesha wastani mdogo kuliko ulivyo. Upungufu wa damu utokanao na malaria au lishe nao huweza kukipotosha. Daktari husoma namba nzuri, humpongeza mgonjwa, na mgonjwa hurudi nyumbani na sukari iliyo juu. Kihisi hakitegemei chembe nyekundu. Kwa hiyo ukiniuliza ni wapi kifaa hiki kina manufaa zaidi, London au Mwanhuzi, nitajibu Mwanhuzi, na sitasema hivyo kwa kuwapendeza waliohudhuria.

Nakuja kwenye bei. Bei hutofautiana kati ya duka na duka, kwa hiyo mniruhusu nitumie mfano wa hesabu tu. Tuseme kipande kimoja cha kupimia ni Sh 700, na mgonjwa anayetumia insulini ajipime mara nne kwa siku. Kwa mwaka atahitaji Sh 1,022,000. Tuseme kilo ya pamba inalipwa Sh 1,100, na eka moja ya jembe la mkono inatoa kilo 250. Mgonjwa huyo anahitaji pamba yote ya eka zipatazo tatu na robo tatu ili ajue sukari yake, kabla hajanunua chumvi wala hajalipa ada ya mtoto. Tuseme kihisi kimoja ni Sh 150,000. Kinachodumu siku 14 kinahitajika mara 26 kwa mwaka, nayo ni Sh 3,900,000, yaani pamba ya eka 14 na zaidi. Yupo mkulima wa Itilima mwenye eka 14 za pamba. Hayupo atakayezitoa zote kwa ajili ya mkono wa mtoto mmoja, mwaka hata mwaka.

Mwenye kusikia hesabu hiyo huweza kukata tamaa. Lakini tumewahi kuziona hesabu za namna hiyo zikibadilika. Karibu na mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka katika nchi za Magharibi. Mwaka 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilijitokeza na bei ya dola 350, na baadaye bei ikashuka chini ya dola 100. Nchini kwetu dawa hizo zilianza kutolewa bure 2004. Hali kadhalika mashine ya GeneXpert ya kupima kifua kikuu: bei ya katriji yake kwa nchi zenye kipato kidogo ilikuwa dola 16.86, ikashushwa hadi dola 9.98 mwaka 2012, na hadi dola 7.97 mwaka 2023.

Katika mifano yote miwili wagonjwa walipaza sauti, na mashirika yenye fedha yalitia mkono. Lakini pia palikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa mwenye idadi mkononi. Muuzaji hamshushii bei mtu anayesema, "Wagonjwa wetu ni wengi." Humshushia anayesema, "Tunahitaji kiasi hiki, kila mwezi, kwa miaka mitatu, na malipo yatatoka mahali fulani." Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1993, ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, na tangu zamani hununua kwa mujibu wa mahitaji yanayopelekwa na vituo. Kituo kisichoandika hitaji hakina hitaji, kwa mujibu wa makaratasi.

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi watumishi. Je, mkoa huu una watoto na vijana wangapi wenye kisukari aina ya kwanza, wale ambao bila insulini hawaishi? Majina yao yamo katika madaftari ya kliniki mbalimbali, mengine Somanda, mengine Maswa, mengine Bugando kwa wale waliopelekwa huko wakiwa mahututi. Namba ya jumla ya "wagonjwa wa kisukari" haitoshi, kwa kuwa mzee anayemeza vidonge na mtoto wa miaka tisa anayedungwa sindano mara nne kwa siku hawana hitaji moja. Wapo pia ambao hawamo katika daftari lolote. Mtoto anakonda, anakunywa maji mno, anakojoa kitandani, kisha siku moja anatapika na kupumua kwa kasi. Katika eneo la malaria, kila mtu hufikiria malaria kwanza. Asipotobolewa kidole kupimwa sukari siku hiyo, huzikwa kwa jina la maradhi mengine.

Ndiyo maana nimesema nakubali nusu ya hoja ya wapinzani. Kipimo cha kidole lazima kiwepo katika kila zahanati kwanza, kwa kuwa kihisi hakimgundui mgonjwa; humsaidia aliyekwisha kugunduliwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza mashine za mgonjwa kujipimia sukari katika orodha yake ya vipimo muhimu mwaka 2023. Halmashauri ikiandaa Mpango Kabambe wa Afya, fungu la vipande vya kupimia lisiwe la kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

Baada ya hapo, vihisi vianzie kwa nani? Rai yangu ni watoto wenye aina ya kwanza na wajawazito wanaotumia insulini, katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kabla ya wengine wote, wakiwemo maofisa wenye kadi ya bima. Wengine waanze kwa kuvaa kihisi siku 14 mara mbili kwa mwaka, daktari asome mwenendo na kurekebisha dozi. Katika mfano wetu gharama hiyo ni Sh 300,000 badala ya Sh 3,900,000. Si tiba kamili, wala haimlindi mtu usiku wa leo, ila humpa daktari picha ambayo hivi sasa hana. Mwaka 2022 nchi za Afrika zilizokutana Lomé chini ya Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkakati wa kuzifikisha huduma za maradhi makubwa yasiyoambukiza, kisukari aina ya kwanza kikiwemo, hadi hospitali za wilaya. Mpango wa vihisi uingizwe ndani ya kazi hiyo, usiwe mradi wa peke yake wenye gari lake na bango lake.

Nina hofu na misaada ya muda. Insulini na vifaa vya watoto wengi nchini vimetokana na mipango ya wahisani kama Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, na Life for a Child, na shukrani zao wanazo. Lakini mtoto aliyeonyeshwa mwenendo wa sukari yake kwa mwaka mmoja, kisha akanyang'anywa, ameongezewa huzuni. Mhisani akija na vihisi, aulizwe mapema mwaka wa pili nani atalipa.

Yapo na mambo madogo yanayoweza kuharibu jambo kubwa. Vihisi havipendi joto kali katika hifadhi, na stoo ya mabati mjini Bariadi mchana wa Oktoba si mahali pake. Gundi huachia kwa jasho la shambani. Simu huhitaji chaji, na si kila kaya ina simu janja, kwa hiyo agizo lijumuishe visomeo vyake. Tena mgonjwa afundishwe kwamba kihisi huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu: akitetemeka na kutoka jasho hali namba inasema yu salama, ajitoboe kidole, au ale kitu cha sukari kwanza. Kuhusu insulini yenyewe, utafiti uliofanywa katika kambi ya Dagahaley, Kenya, na kuchapishwa 2021 ulionyesha kwamba chupa iliyofunguliwa hubaki na nguvu kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa hiyo asiye na jokofu asiambiwe kwamba tiba hii si yake.

Ninaomba, basi, kila mganga mfawidhi afungue ukurasa mmoja wa wenye aina ya kwanza: umri, kijiji, dozi, na mara ngapi wamelazwa. Waganga Wakuu wa Wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu wazikusanye kurasa hizo mahali pamoja, na wafamasia wazigeuze kuwa maombi ya vipande na ya vihisi yenye idadi na tarehe. Watendaji wa vijiji wanaowajua watoto wa namna hiyo wasisubiri kuulizwa.

Niko tayari kwa maswali, na ningependa wazazi wa watoto hao waanze.