Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1–18



Leo twataka kusema na vijana wetu wanaosomea udaktari ng'ambo, pamoja na wazazi waliowapeleka huko. Kijana mmoja wa parishi yetu, ambaye ametupa ruhusa kuyasimulia haya, alituletea ujumbe wa simu kutoka Moscow usiku wa manane. Aliandika: "Mchungaji, msiniombee nishinde mtihani. Niombeeni niugue, nisiufanye."

Tulishtuka. Kijana huyu hakuwa mvivu. Alitumia mwaka mzima kujifunza Kirusi, ndipo akaanza miaka 6 ya udaktari. Mifupa ya mtu mzima ni 206, na kila mmoja una jina lake la Kilatini. Tena mitihani mingi ya huko hujibiwa kwa kinywa. Mwanafunzi huingia chumbani akakuta karatasi zimelazwa kifudifudi mezani. Huokota moja, hupewa muda kidogo wa kufikiri, kisha hujibu mbele ya mwalimu kwa lugha ya kigeni. Alama ya juu ni 5. Apataye 2 ameanguka. Na mitihani ya Januari huja wakati jua la Moscow huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kutua baada tu ya saa kumi jioni.

Lakini tulipozungumza naye tulitambua kwamba kilichomlemea si mifupa, wala si giza. Ilikuwa ni harambee. Aliikumbuka siku ile uwanjani pa kanisa, majina yakisomwa: fulani ametoa mbuzi, mama mjane ametoa kuku, naye kuku akapigwa mnada. Baba yake alikuwa ameuza kipande cha shamba. "Kila nikifungua kitabu," alisema, "naona nyuso zenu." Tukanyamaza. Maana ni sisi tulioshika kipaza sauti siku ile, tukamwita "daktari wetu" kabla hajasoma hata ukurasa mmoja.

Sasa tumtazame Eliya. Juzi alisimama kishujaa mlimani Karmeli. Leo ametishwa na Yezebeli, anakimbia. Alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake. Akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Angalieni alivyotendewa. Hakukemewa. Hakuhubiriwa. Aliachwa alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, kwa kuwa safari ilizidi nguvu zake. Baada ya hayo ndipo alipotembea siku 40 hadi Horebu, na huko Mungu akasema naye kwa sauti ndogo.

Kijana wetu, Mungu hakuona haya kuanza na usingizi na chakula. Nawe usomaye habari za mwili wajua kwamba ubongo huyaimarisha katika usingizi yale uliyojifunza mchana. Akeshaye usiku baada ya usiku anamwaga usiku alichochota mchana. Basi soma, kisha ulale. Kula chakula cha moto, hata kama si ugali. Mtihani ukiwa wa kinywa, jizoeze kujibu kwa sauti mbele ya mwenzako. Na moyo ukidunda mlangoni, usidhani umekwisha kuanguka. Ni mwili unajiandaa kwa kazi. Vuta pumzi polepole, uanze na lile unalolijua.

Tena, usimwache mwenzako Beer-sheba. Eliya alidhani amebaki peke yake, kumbe walikuwako wengine 7,000. Labda chumba cha pili yupo mwingine anayelia kama wewe. Na kama umefika mahali pa kutamani kufa, usingoje kupambazuke. Mwambie mtu usiku huo huo, na umwendee daktari. Hata anayesomea udaktari huhitaji daktari.

Nanyi wazazi, saa ya Moscow ni sawa na saa ya Nairobi, basi hatuna kisingizio. Mpigieni mtoto simu. Msianze na habari za mtihani. Mwulizeni: "Umekula? Umelala?" Mwambieni kwamba alikuwa mtoto wenu kabla ya harambee, na ataendelea kuwa mtoto wenu hata akianguka.

Yule kijana tulimwomba msamaha, tukamsihi alale kwanza. Aliufanya mtihani ule, akaanguka. Baba yake alimpigia simu jioni ile, wakazungumza juu ya ng'ombe na mvua. Mwezi wa pili aliurudia, akapata 3, alama ndogo ya kupita. Siku hiyo tulimsikia akicheka, mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani.

Natuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani, waguse watoto wetu walio mbali usiku huu. Wape usingizi, wape chakula, wape rafiki. Nasi utusamehe mizigo tuliyowatwika tukidhani tunawapenda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.