MKULIMA HUJA KWA JAMBO LAKE



Tumesikia ikisemwa kwamba mkulima wa Upare ni mvivu wa kujifunza. Ati bwana shamba akiitisha mafunzo, haonekani. Sisi tunayakataa maneno hayo.

Mwaka 1945, mbiru ilipopulizwa milimani, Wapare kwa maelfu waliteremka hadi Same kuipinga kodi mpya wasiyoikubali. Wakakaa huko siku nyingi, na mwaka 1947 kodi hiyo ikaondolewa. Watu wa namna hiyo hawaogopi safari wala mkutano. Wakiitwa kwa jambo lao, huja.

Itazameni ndiva. Bwawa hili hukusanya maji usiku, yakagawanywa mashambani mchana. Likijaa tope, watu hutoka kwa msaragambo kulisafisha. Habembelezwi mtu, maana kila mmoja anaijua zamu yake ya maji. Lakini wakoloni walipolazimisha matuta Uluguru, mwaka 1955 zilizuka ghasia. Udongo ule ulihitaji kweli kuhifadhiwa. Lakini amri si elimu.

Basi, ndugu zetu mnaopanga mafunzo, tunawaambieni haya. Msituite siku mvua ya kwanza ya masika inapoanguka. Siku hiyo kila mtu yuko na mbegu mkononi. Msimwite baba peke yake, na hali mama ndiye mwenye jembe. Mama wa Chome hawezi kuacha watoto siku tatu akalale Same mjini. Mfuateni huko huko aliko. Mkulima wa tangawizi kule Mamba Myamba mfundisheni na habari za bei, si kupanda tu. Wala msitegemee posho: aliyefuata posho, ikiisha naye huondoka. Lakini aliyeona kwa macho yake mahindi ya jirani yamezaa kuliko yake, huyo atauliza mwenyewe.

Nasi wanachama tunao wajibu. Kabla ya mafunzo kupangwa, swali na lipelekwe kwenye msaragambo: tufundishwe nini, lini, wapi? Tukisha kuulizwa na kujibu, hakuna udhuru tena. Asiyefika atakuwa ameliacha shamba lake mwenyewe, na udongo unaochukuliwa na maji kutoka milimani haurudi.