Mwendo wa Mawimbi



Leo nataka kusema nanyi habari za mawimbi. Najua ya kuwa wengine wenu mmezaliwa pwani na mmeyaona tangu utotoni, na wengine mmetoka bara, na maji makubwa mliyoyaona ni ya ziwa au ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Haidhuru. Wimbi la bwawa na wimbi la bahari kuu ni ndugu, na mtu aelewaye tabia yao huenda siku moja akayaokoa maisha yake, kama nitakavyoeleza.

Jambo la kwanza ni hili: wimbi husafiri, lakini maji hayasafiri nalo. Watu wengi hawasadiki neno hili wakiambiwa. Basi na wajaribu wenyewe. Wekeni jani kavu juu ya maji yaliyotulia, kisha tupeni jiwe mbali nalo kidogo. Mawimbi yatatoka pale jiwe lilipoangukia na kuenea kwa duara mpaka ukingoni. Je, jani litakwenda nayo? La. Litapanda na kushuka, litasogea mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo, na mawimbi yakiisha kupita litakuwa karibu pale pale lilipokuwa. Kilichofika ukingoni si maji ya katikati ya bwawa. Ni nguvu tu, ambayo maji ya hapa yameyapokeza maji ya jirani, na hayo yakayapokeza mengine. Hali kadhalika mkifunga kamba mtini na kuitikisa ncha yake mara moja, mtaona mwinuko ukikimbia mpaka mtini, na kamba yenyewe bado mmeishika mkononi.

Sauti nayo hupita hewani kwa njia kama hiyo, mita 340 hivi kwa sekunde moja, ndiyo sababu twaona umeme kwanza ndipo tusikie radi. Lakini hayo ni maneno ya siku nyingine. Leo na tubaki majini.

Mawimbi ya kila siku huzaliwa na upepo. Ukubwa wao hutegemea ukali wa upepo, muda uliovuma, na upana wa maji uliopita juu yake. Upepo wa kusi huvuma juu ya bahari iliyo wazi kwa siku nyingi, na kwa sababu hiyo mawimbi yake ni makubwa kuliko yale ambayo upepo wenye nguvu sawa ungeweza kuyafanya katika hori nyembamba.

Umbali wa kutoka kilele cha wimbi moja mpaka kilele cha wimbi lifuatalo ndio urefu wa wimbi, na urefu huo ndio ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Wimbi la upepo hutikisa maji ya juu tu. Ukizama kiasi cha nusu ya urefu wake, mtikiso umekwisha. Kama urefu ni mita 60, basi mita 30 chini maji yametulia, hata kama juu jahazi linayumba. Wazamiaji wanalijua jambo hili vizuri.

Lakini wimbi likikaribia pwani, maji hupungua kina, nalo huanza kusikia sakafu ya bahari. Hapo mwendo wake hupungua. Yaliyo nyuma, ambayo bado yako majini penye kina, huja mbio na kulikaribia; nguvu iliyokuwa imetandaa mahali parefu sasa hubanwa mahali pafupi, na wimbi halina pa kwenda ila juu. Huinuka mpaka likashindwa kujichukua, kisha huvunjika. Wimbi la kimo cha mita moja huvunjika penye kina cha mita moja na robo hivi. Mapovu meupe tunayoyaona kwenye mwamba nje ya Diani au Watamu ni mawimbi yaliyokutana na kina hicho. Penye mlango katika mwamba, wimbi hupita zima, na likiisha kuingia ndani hutandaa kulia na kushoto, hata likafika mahali palipojificha nyuma ya mwamba.

Kwa sababu hiyo hiyo mawimbi hugeuka. Fikirini mstari wa askari wakienda kwa hatua moja, na wale wa upande wa kushoto wakaingia matopeni kwanza. Wao watachelewa, wa kulia wataendelea, na mstari wote utapinda kuelekea kushoto. Basi wimbi lijalo upande upande hufanya vivyo hivyo, na likifika ufukoni huwa karibu sambamba nao.

Sasa nataka kusema juu ya wimbi lisilozaliwa na upepo. Tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi alfajiri kwa saa zetu, sakafu ya bahari karibu na Sumatra ilipasuka kwa tetemeko kubwa la ardhi, ikayainua maji yote yaliyokuwa juu yake. Wimbi la namna hiyo huitwa tsunami, neno la Kijapani. Urefu wake ni mamia ya kilomita, hali kina cha bahari ni kilomita nne tu au tano. Kwa hiyo tsunami husikia sakafu hata katikati ya bahari kuu, na maji yote, toka juu mpaka chini, husukumwa pamoja.

Hesabu ya mwendo wake si ngumu. Zidisha kina cha maji kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Penye kina cha mita 4,000 jibu ni karibu mita 200 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Penye kina cha mita 10 jibu ni kilomita 36 tu kwa saa. Huko kilindini kimo chake hakikuzidi mita moja, na mabaharia wangeweza kupitiwa nalo wasitambue. Lakini lilipopunguza mwendo karibu na nchi kavu liliinuka, na watu kama 230,000 wakafa.

Lilivuka zaidi ya kilomita 6,000 na kufika kwetu baada ya muda wa saa nane au tisa. Somalia walikufa watu karibu 300, na mji wa Hafun uliharibiwa vibaya. Kenya alikufa mtu mmoja. Habari zilikuwa zimetangulia, na polisi waliwaondoa watu ufukoni.

Mara nyingi kabla ya tsunami kufika, bahari hupwa, kwa maana bonde la wimbi hutangulia kilele. Mahali pengi siku ile watu waliwafuata samaki walioachwa mchangani. Lakini katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na tetemeko, wenyeji walikuwa wamesimuliwa na wazee wao habari za tsunami ya mwaka 1907. Waliposikia ardhi ikitetemeka walikimbilia milimani, na kati ya watu zaidi ya 70,000 walikufa saba tu.

Mvuvi wa pwani yetu ajua saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa bila kuuliza. Basi akiona maji yakitoka mbio kwa saa isiyo yao, asingoje amri ya mtu. Awaite watoto na kupanda mahali pa juu. Wala asidhani kwamba bahari lazima ipwe kwanza, maana pengine kilele hutangulia. Wimbi la kwanza likipita asishuke, kwa kuwa mengine hufuata, pengine baada ya saa nzima, na la pili au la tatu laweza kuwa kubwa zaidi. Na aliye katika chombo mbali na nchi, akipata habari, asikimbilie bandarini. Aelekee kilindini, ambako wimbi bado ni pana na la chini, akae huko mpaka wakuu wa bandari watangaze ya kuwa bahari imetulia.