UZEE HAUNGOJI MSIMU
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama siku ya malipo ya mazao)



Leo tumekuja kupokea hela za mazao, na kila mmoja ana hesabu yake kichwani. Kabla hatujatawanyika, sisi wa kamati tunaomba tusikilizane juu ya hesabu moja ambayo wengi tunaikwepa: siku tutakayoshindwa kushika jembe, tutakula nini?

Mwenzetu mmoja, tunakaa naye hapa hapa, alifanya kazi shamba la mkonge miaka 17. Kila mwezi alikatwa. Alipotimiza miaka 60 akaenda NSSF akitegemea pensheni. Akaambiwa michango iliyofika ni ya miezi 141 tu. Lakini miaka 17 ni miezi 204! Ile miezi 63 mwajiri alikata, hakupeleka. Na sheria inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, ndipo mtu alipwe kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Basi akapewa fedha za mkupuo. Akalipa madeni, akaezeka bati, zikaisha. Kosa si lake, lakini njaa ni yake.

Wengi wetu tuna watoto wanaofanya kazi mjini. Tuwaambie wasingoje uzee. Kila mwaka waende NSSF waombe taarifa ya michango, na karatasi za mshahara wazitunze. Kama mwajiri hapeleki, walalamike mapema, maana NSSF inaweza kumdai mpaka mahakamani. Tena mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Hiyo ni haki, siyo hisani ya tajiri.

Sasa sisi wa jembe. Wapo wanaosema pensheni ni mambo ya makarani. Siyo kweli. Mkulima naye anaruhusiwa kujiunga NSSF kwa hiari na kuchangia mwenyewe. Na akiba yetu ya chama ipo. Anayeweka shilingi 2,000 kila wiki, kwa mwaka ana 104,000. Kwa miaka 15 ni 1,560,000, bado hatujahesabu faida.

Mtatuuliza, hizo 2,000 zitoke wapi? Ndugu zetu, tuangalie zinakokwenda. Mtu akikopa kausha damu 50,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, analipa 15,000 kila mwezi. Miezi minne keshatoa 60,000, na ile 50,000 bado inamngoja! Mwenye akiba kidogo hapigi hodi huko mtoto akiugua.

Kwa hiyo kamati tunaomba mambo matatu:

1. Leo, kabla ya kwenda dukani, kila mmoja apitie kwa mweka hazina aweke chochote.

2. Kila mwenye daftari ahakikishe limeandikwa jina la mrithi. Tusiwaachie wajane na watoto kazi ya kuzunguka maofisini.

3. Anayetaka kujiunga NSSF ajiandikishe kwa katibu, ili tumwite ofisa aje atueleze hapa kijijini, tumwulize maswali wote pamoja.

Aliyekosa mkutano asome hapa ukutani. Asiyejua kusoma, jirani amsomee.



Kamati ya Chama