Kompyuta Ikikataa Kuwaka: Tuchague Chombo Gani cha Uokoaji?

(Mazungumzo na makatibu na watunza hazina wa vituo vyetu)



Nianze na yaliyotupata. Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku, kompyuta ya ofisi yetu ilikataa kuwaka. Maandishi meupe kwenye kioo cheusi, basi. Ndani mlikuwa na hesabu za mradi wa maji za miaka mitatu, na wiki ile ile wafadhili walisubiri taarifa. Tukaipeleka kwa fundi, naye bila kuuliza akapiga Windows upya. Kompyuta ikawaka vizuri sana, lakini tupu! Ilibidi nikusanye stakabadhi upya, kijiji kwa kijiji.

Baadaye nilijifunza kwamba mara nyingi diski yenyewe huwa nzima. Kinachoharibika ni mafaili machache ya kuanzishia. Ukiwa na CD au flashi yenye mfumo wake wenyewe, kompyuta huwaka kwa hiyo, nawe unahamishia hesabu zako kwenye diski ya nje kabla fundi hajagusa kitu.

Uchague ipi? CD haiingiliwi na virusi ikishachomwa, ila hubeba MB 700 tu, na kompyuta nyingi za sasa hazina mahali pa kuiingiza. Kwa hiyo nashauri flashi, tena mbili. Ya kwanza iwe ya kusimika Windows, ya GB 8 au zaidi, inayotengenezwa kwa programu ya bure ya Microsoft. Hiyo hurekebisha tatizo la kuwaka. Angalizo: flashi hufutwa yote wakati wa kuitengeneza, kwa hiyo usitumie ile yenye nyimbo za kwaya.

Ya pili iwe na SystemRescue, ambayo ni Linux na haina malipo. Hii ndiyo ya kuokolea mafaili. Anayetaka kunakili diski nzima kama ilivyo atafute Clonezilla, nayo ni ya bure.

Hapa pana kikwazo. Kompyuta nyingi mpya zina kinga iitwayo Secure Boot, na SystemRescue haiwaki mpaka uizime. Lakini ukiizima, kompyuta yenye BitLocker inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo, hata flashi nzuri kiasi gani haitafungua diski. Uandikeni leo, mkauweke kwenye sefu pamoja na vitabu vya hundi.

Jaribuni flashi hizo kompyuta ikiwa bado nzima. Kwa Dell na Lenovo nyingi hubonyezwa F12 mara tu inapowaka. Kwa HP ni Esc kisha F9. Mimi nimebandika karatasi yenye kitufe hicho ubavuni mwa mashine, maana siku ya taharuki hakuna anayekumbuka.

Na mtu asiniambie sasa ana flashi ya uokoaji hivyo haweki nakala. Diski ikifa kabisa, flashi hiyo haina cha kuokoa. Nakala ya Ijumaa iendelee, na ilale nje ya ofisi.

Baada ya chai tutaanza na kompyuta ya katibu. Mwenye flashi tupu aje nayo.