Jinsi ya Kusukuma Udongo wa Ufinyanzi Uwe Sawasawa

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya udongo wa ufinyanzi, na hasa juu ya chombo cha kuusukuma uwe bamba pana, lenye unene ulio sawa toka ukingo hata ukingo. Viwanda vya ng'ambo huuza mashine za kazi hiyo kwa bei kubwa. Sisi twataka kuonyesha ya kwamba mfinyanzi wa kijijini aweza kujiundia yake, kwa vitu vilivyomo uani mwake au vilivyotupwa na jirani.

Kwanza yafaa tukumbushane heshima ya kazi yenyewe. Wageni huenda Kilwa Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Na mwaka 1981 magofu ya huko, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mtaalamu Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa katika miaka ya 1960, alitoa ardhini vipande vya vyombo vya Uchina na vya nchi za Kiislamu. Lakini vigae vilivyo vingi kupita vyote ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani. Matajiri walijivunia bakuli za Uchina, na mji mzima ulipika katika udongo wa kwao.

Hata leo wako akina mama wa kusini wanaofinyanga kwa mikono, bila gurudumu. Huuponda udongo, huuinua kuwa chungu, huuparuza kwa kombe, huusugua kwa kijiwe laini, kisha huuchoma kwa moto wa wazi. Lakini sufuria na ndoo za plastiki zimewanyang'anya wanunuzi wao wengi, na mabinti wanaona mama zao wakichoka kwa faida ndogo. Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Zamani ilikuwa mithali tu; siku hizi katika nyumba nyingine imekuwa habari ya kweli.

Basi, chombo tunachokisema hakiwezi kurudisha soko la mitungi, wala si cha kufinyangia mtungi. Kitu cha mviringo kilicho na tumbo na shingo ni kazi ya vidole, na vidole vya mama aliyezoea havishindwi na mashine. Faida ya bamba ni kwa vitu vya bapa na vya pembe: vigae vya kupamba ukuta, sinia, visahani vya kuwekea vikombe, chetezo cha pande nne, kibati cha namba ya nyumba. Vitu kama hivi mgeni aliyekuja kutazama magofu aweza kuvitia mkobani akaenda navyo. Mtungi wa maji hawezi.

Labda msikilizaji mmoja atauliza: Kwa nini tusiupigepige udongo kwa kiganja mpaka ukawa bapa, yakaisha? Jibu ni kwamba udongo ukikauka husinyaa. Mahali pembamba hukauka mbele na kusinyaa mbele, mahali panene huchelewa. Na pale panapokutana ndipo ufa unapoanzia. Tena mahali panene huficha maji ndani, na maji hayo yakipata moto hugeuka mvuke, mvuke ukatafuta njia kwa nguvu, chombo kikapasuka. Mtungi hustahimili zaidi kwa sababu umbo lake la mviringo hujishika lenyewe. Bamba halina msaada huo. Usawa wa unene ndio nguvu yake.

Sasa tutaje njia tatu, toka iliyo rahisi hata iliyo ngumu.

Njia ya kwanza haina gharama. Tandika kipande cha tanga kuukuu, au marekani, juu ya ubao ulionyooka. Weka mapapi mawili ya mbao yenye unene mmoja, moja kulia na moja kushoto, na tonge la udongo katikati. Kwa kigae kidogo unene wa robo inchi watosha. Kwa sinia, nusu inchi kasoro kidogo. Funika udongo kwa kitambaa cha pili, kisha usukume kwa fimbo ya kusukumia chapati, iliyo ndefu kiasi cha kukanyaga mapapi yote mawili. Fimbo ikisha kulala juu ya mapapi pande zote, haishuki tena, na udongo hauwezi kuwa mwembamba kupita mapapi. Hiyo ndiyo siri yote ya mashine za ng'ambo. Zilizobaki ni chuma na rangi.

Wavuvi nao wana msaada wao. Panga mapapi kama sita upande huu na sita upande huu, na bonge la udongo katikati. Vuta uzi wa mshipi ukaze, uupitishe juu ya mapapi ukate udongo uliozidi. Ondoa papi moja kila upande, pitisha uzi tena. Umepata bamba la kwanza. Endelea hivyo hata chini. Mabamba haya hayakushindiliwa, kwa hiyo yapitishie fimbo kidogo kabla ya kuyatumia.

Njia ya pili ni ya mwenye kazi nyingi. Tafuta bomba la chuma la maji lenye upana wa inchi 3 na urefu wa futi 2. Lijaze mchanga mkavu, ulizibe ncha zote mbili kwa vizibo vya mbao. Uzito wa bomba hufanya kazi ambayo mabega yangefanya. Lakini kabla ya kulinunua, livingirishe juu ya meza iliyo sawa, uchungulie chini yake: ukiona mwanga ukitokea na kupotea, bomba limepinda, mwachie mwenyewe.

Njia ya tatu ni kugeuza mashine iliyokwisha kazi yake. Wafinyanzi wa Uingereza na Marekani wamegeuza mashine kuukuu za kukamulia nguo. Kwetu mashine iliyo karibu nayo ni ile ya kukamulia miwa, yenye vyuma vya mviringo vinavyozungushwa kwa mkono, ambavyo mafundi huviita rola. Ikiwa rola zake ni laini, na nafasi kati yao yaweza kupanuliwa, fundi aweza kuunganisha meza ndogo mbele na nyuma, na udongo ukapita katikati ya vitambaa viwili. Zenye meno hazifai. Usilazimishe udongo kupita mara moja. Anza na nafasi pana, uipunguze kidogo kidogo. Vidole na ncha za leso viwe mbali na rola, na watoto wasiachiwe kuchezea. Mashine iliyokwisha kusukuma udongo isirudishwe tena kwenye miwa.

Chombo kikiwa kizuri na udongo ukiwa mbaya, kazi ni bure. Sisi watu wa pwani tuna adui mmoja wa kumwangalia: vipande vya makombe na matumbawe. Wachoma chokaa wajua kwamba tumbawe lililochomwa, likipata maji, huvimba na kumomonyoka. Basi chembe yake iliyojificha katika udongo, ikichomwa kwa moto mkali, huwa chokaa vivyo hivyo; baada ya siku chache hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na kurusha ganda la chombo. Kwa hiyo kausha udongo, uuponde, uuchekeche kabla ya kuuroweka. Ukitaka kuutia nguvu, usitumie mchanga wa ufukoni, wenye chumvi na makombe. Tumia vigae vya vyungu vilivyovunjika, vitwangwe na kuchekechwa.

Ukisha kusukuma upande mmoja, geuza bamba robo ya duara, usukume tena, kisha lipindue. Udongo unaosukumwa njia moja tu husinyaa zaidi upande mmoja, na kigae cha pande nne sawa hutoka kimevutika. Usiliinue bamba kwa ncha. Liinue pamoja na kitambaa chake. Bamba lililokunjika likanyooshwa, likikauka hukumbuka mkunjo wake. Lianike kivulini, kingo zikiwa zimefunikwa, maana kingo hukauka mbele. Na siku ya pili ligeuze. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, lakini kwenye kukausha haraka haina baraka.

Twamalizia kwa neno moja kwa wazee wa vijiji na waalimu. Katika sehemu nyingi za dunia, ufinyanzi ulipoingiliwa na gurudumu ulihama kutoka mikono ya wanawake ukaenda kwa wanaume, na wale walioujua udongo wakabaki wachukuzi wa maji na kuni. Mashine nzito ya chuma yaweza kuleta jambo hilo hilo. Mwenye kuimiliki ndiye atakayepanga bei, na mama aliyeujua udongo miaka arobaini atakuwa kibarua wake. Kwa sababu hiyo twawashauri kuanza na mapapi, kitambaa na bomba: vitu ambavyo mama mmoja aweza kuvinunua, kuvibeba na kuvitengeneza vikiharibika. Na mwanafunzi anayejifunza kusukuma bamba, akae kwanza chini ya mama huyo ajifunze kuuchagua udongo, kuuponda na kuuchoma. Bomba litampa unene ulio sawa. Mengine yote yamo mikononi mwa mama, na akiondoka kabla hajafundisha, huondoka nayo.